Maiki ya Mama Mkwe

Ukitaka kujua kama maiki inafanya kazi, usiipulizie. Usiigonge kwa kidole pia. Ukiipulizia unaitia mate, na mate yakikauka mle ndani, baada ya mwaka mmoja inaanza kuongea kama mtu mwenye mafua. Ukiigonga unawaumiza wazee masikio, na kila mtu aliye hapo anajua umeanza kazi jana. Iweke karibu na mdomo, taja jina la mtu unayemwona, halafu mtazame. Akigeuka, mashini iko sawa.

Naanza na hilo kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa mazishi hapa kwetu, mahali panapoitwa Kwanza, na kijana mmoja alipuliza maiki mara kumi na moja. Nilihesabu. Ningeenda kumwambia, lakini mtu aliyestaafu akikaribia mashini ya mwenzake anaonekana anatafuta kazi. Kwa hivyo nimeamua kuandika, na nyinyi vijana wa mashini msome mkiwa peke yenu, msione haya.

Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini na sita. Kwa yule asiyejua, sisi tunaposema mashini tunamaanisha spika, amplifaya, maiki, waya zake na jenereta ya kuviendesha. Mtu akifiwa, akioa, akitaka kura au akitaka kuhubiri, anakuja kwako. Shule niliacha darasa la saba. Siwezi kueleza umeme kama walimu wenu wa chuo. Lakini nilikuwa mzuri katika kazi yangu. Nilikuwa mzuri sana, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Barasa wa Bungoma, mtu mfupi, mkali, ambaye alikuwa na spika mbili za chuma zenye mdomo mpana kama tarumbeta. Tulizibeba kwa baiskeli, spika mbele, betri ya gari nyuma, na tulipofika kwenye mlima yeye alitembea na mimi nikasukuma. Siku yangu ya kwanza niliketi kando ya amplifaya, nikashika kitufe, nikajiona dereva wa ndege. Barasa akaja.

"Wewe, unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza mashini, mzee."

"Nani alikuambia watu wameketi ndani ya mashini? Enda kwa choo."

"Sijashikwa na haja, mzee."

"Enda tu kwa choo!"

Nikaenda. Choo kilikuwa nyuma ya shamba la ndizi, na huko watu walikuwa wamepanga foleni wakipiga hadithi, kwa sababu hawakusikia hata neno moja la mhubiri. Nikarudi nikamwambia. Akageuza spika moja kidogo, kama upana wa mkono, akanituma tena. Mara hii watu wa foleni walikuwa wamenyamaza na mama mmoja alikuwa akisema amina. Hicho ndicho kipimo nilichotumia mpaka nilipostaafu. Mtu wa choo akisikia, wote wamesikia. Nyinyi mna simu inayopima sauti kwa namba. Sawa, itumieni. Lakini baadaye nendeni kwa choo.

Makosa nimefanya mengi. Kubwa la kuchekesha lilitokea Matulo. Sisi Wabukusu tuna desturi inayoitwa kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, siku chache baadaye watu wanakusanyika uwanjani na msemaji wa desturi anakuja kuwafariji. Hasimami mahali pamoja. Anatembea, anaenda na kurudi katikati ya watu na fimbo yake, akisimulia tulikotoka na kuwaonya walio hai waache ujinga. Hakuna anayepita mbele yake na hakuna anayemkatiza.

Mtoto wa marehemu alikuwa ametoka Nairobi, akataka baba yake afanyiwe kumuse kwa mashini. Mzee Barasa alikuwa amechelewa njiani. Mimi, kwa ujinga wangu, nikampelekea msemaji maiki. Aliitazama kana kwamba nimempa chura. Yule mtoto wa marehemu akambembeleza mpaka akaipokea. Sasa waya wangu ulikuwa wa mita kumi, na yule mzee alikuwa anatembea mita ishirini. Alipofika mwisho wa waya akavutwa nyuma kama mbuzi aliyefungwa. Nikakimbia kuufungua mahali uliponasa, na ili nifike pale, nikapita mbele yake.

Watu walipiga kelele kama nyumba imeshika moto. Mzee akasimama. Watu wa Matulo walisema hawajawahi kumwona akisimama. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, na maiki ilikuwa bado mkononi mwake, kwa hivyo kijiji chote kilisikia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikataja jina la baba.

"Mwambie baba yako alizaa, lakini hakumaliza."

Akaiweka maiki chini kwenye nyasi, akaendelea na kazi yake. Nililipa jogoo kwa kosa lile. Lakini sikilizeni nilichojifunza. Yule mzee aliongea karibu saa mbili bila mashini, na Barasa alipofika akaniketisha kule kwa choo, nikasikia kila neno. Hakuwa anapaza sauti. Akisema jambo, ananyamaza kidogo mpaka uwanja unyamaze naye, ndipo anasema jingine. Mimi nilifikiri kazi yetu ni kuongeza. Siku ile niliona kuwa sauti kwanza inatafutiwa nafasi. Mkifika mahali, zimeni jenereta dakika moja, msikilize pana kelele gani: kinu cha posho, kuku, watu wa jikoni, barabara. Hamisheni jenereta ikae nyuma ya ghala la mahindi. Hapo mmeshafanya nusu ya kazi kabla ya kugusa kitufe.

Halafu kuna waheshimiwa.

Mwanasiasa anaamini kwamba mashini yako ina nguvu nyingine ambayo umeificha. Hata ukimpa sauti ya kupasua madirisha, atageuka katikati ya hotuba akuambie, "Fundi, ongeza!" Ukiongeza kweli, spika zinapiga yowe, watoto wanalia, halafu anasema umetumwa na mpinzani wake. Nikatafuta dawa. Kwenye amplifaya yangu ya pili kulikuwa na kitufe kikubwa chekundu, kilichokufa, hakikuunganishwa na kitu chochote. Mheshimiwa akisema ongeza, ninakizungusha kwa nguvu, nikiwa nimekunja uso kama mtu anayebeba gunia. "Eee! Sasa hapo!" anasema, na anaendelea kwa furaha. Miaka kumi na tatu kitufe kile kilinifanyia kazi, na wa vyama vyote niliwazungushia sawasawa, sikubagua.

Hilo nalisema nikicheka. Linalofuata sicheki, lakini nikiliacha nitakuwa nimewadanganya.

Kulikuwa na mazishi upande wa Kitale, miaka mingi imepita. Mama mzee alikuwa anamuaga mtoto wake wa kiume. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na mkono ulitetemeka, kwa hivyo maiki ilienda ikirudi. Mara msafara wa mheshimiwa ukaingia. Emsii, mtu anayeongoza ratiba, akanionyesha kwa kidole: shusha. Nikashusha. Sikuikata ghafla, kwa sababu ningeonekana. Niliishusha polepole, kidogo kidogo, mpaka mdomo wa yule mama ukawa unasogea bila kitu kutoka. Emsii akaanza kumkaribisha mheshimiwa kwa maiki nyingine. Mama hakujua. Aliongea mpaka mwisho, akasema asante, akarudisha maiki kwa mikono miwili.

Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu, Nanjala, na nilisimulia kama ufundi. Nilivyoishusha taratibu bila mtu kushtuka. Alikuwa anatazama habari. Nanjala alipenda habari za televisheni kuliko kitu chochote, kwa sababu alikuwa anawajibu. Mtangazaji akisema serikali imeahidi barabara, yeye anasema, "Ile ya juzi mmemaliza?" Mwanasiasa akilia mbele ya kamera, anasema, "Panguza pua, baba." Jirani aliyepita dirishani alidhani tuna wageni kila jioni. Siku ile hakujibu kitu. Aliinuka, akazima televisheni, akaketi akiniangalia.

"Haya," akasema. "Sasa endelea."

Sikuweza kuendelea. Mkijaribu kusimulia jambo lenu baya katika nyumba iliyonyamaza, mtaona jinsi lilivyo.

Nimesema mke wangu. Nanjala alifariki mwaka jana, baada ya mavuno, na mazishi yake ndiyo sababu kubwa ya mimi kushika kalamu.

Ili mnielewe, lazima niwaambie habari ya mama yake. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hampeani mikono, hamketi chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kando. Si chuki. Ni heshima, na ni nzito. Wengi wenu siku hizi mnakumbatiana na mama mkwe na kupiga picha, na sijasema mmekosea. Lakini nyumba yetu tulifuata ile ya zamani, na mama alikuwa mkali kuifuata kuliko mimi. Anaishi karibu na Kibabii. Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kusema neno moja uso kwa uso. Kila kitu kilipita kwa Nanjala. Mimi nasema, "Msalimie mama, muulize kama mbolea ilifika." Nanjala anaenda au, simu zilipokuja, anapiga. Anarudi na jibu: "Mama anasema asante, na anasema upunguze kukohoa, ameambiwa unakohoa." Ni nani alimwambia ninakohoa? Nanjala mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyopendana na mama mkwe.

Sasa aliyepeleka maneno amekufa. Mama hakumwona mtoto wake siku za mwisho, kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia na miguu yake haimbebi. Mimi nilikuwa naye mpaka mwisho. Mama alikuwa na maswali, nami nilikuwa na majibu, na hapakuwa na mtu wa kuyabeba katikati. Dada yake Nanjala aliniletea ujumbe mmoja tu kabla ya mazishi.

"Shemeji, mama anasema anataka kuongea. Mbele ya watu. Na anasema asiharakishwe."

"Ataongea," nikasema.

"Kamati inasema mheshimiwa anakuja, eti wazee watoe shukrani fupi fupi."

"Mulamwa, mwambie mama ataongea."

Mulamwa ni shemeji kwa lugha yetu. Aliondoka hakuamini. Mimi pia sikuwa na uhakika. Ratiba ya mazishi inashikwa na kamati, si mfiwa, na emsii alikuwa mtu wa mjini ambaye waheshimiwa wanamjua kwa jina.

Mashini ilikuwa ya Chebet. Ni mwanamke wa kutoka mlimani, nilimfundisha mimi na akanunua vyombo vyangu nilipostaafu. Ana vyake vipya pia: maiki zisizo na waya, skrini kubwa ya kuweka kwenye tenti, kamera ya kurusha mazishi moja kwa moja kwa simu za watu walio Doha. Vitu vizuri. Nimeviona vikifanya mtu wa Doha alie kabla ya mtu aliye tenti ya pili kujua kumetokea nini, kwa sababu mtu wa tenti ya pili alikuwa anatazama simu. Lakini Chebet ana masikio. Asubuhi ya mazishi alinikuta nimesimama kati ya tenti, nimeshika stendi ya maiki mkononi.

"Mzee, wewe leo ni mfiwa. Rudi uketi."

"Nitaketi. Kwanza tuweke hii mbele ya tenti ya wakwe. Kiti hapa, stendi hapa."

"Si nitampa tu ya mkononi?"

"Mkono wake unatetemeka. Maiki ikitetemeka sauti inaenda na kurudi. Na mtu asimshikie, ataona amefanywa mtoto. Aketi, aikute mbele ya mdomo, aongee kama yuko jikoni kwake."

"Sawa. Ana urefu gani?"

Urefu wake! Sijui. Sikuwahi kusimama karibu na mama mkwe kiasi cha kujua anafika wapi. Nimemjua kwa mgongo, kwa kitambaa cha kichwa, kwa sauti nyuma ya mlango. Chebet alingoja, akiwa ameshika skrubu ya stendi.

Halafu nikakumbuka watu wa kwao walivyokuwa wakisema, kwamba Nanjala akitembea ni mama yake anatembea. Nanjala akiketi kwa kiti cha jikoni kupukuchua mahindi, nami nikasimama mbele yake kuomba chai, mdomo wake ulikuwa unafika kwa kifungo cha tatu cha shati langu, tukihesabu kutoka shingoni. Najua kwa sababu alikuwa anaongea na kile kifungo. Alikuwa hainui kichwa kwa mambo madogo.

Nikasimama mbele ya kile kiti kitupu. Nikaweka kidole kwenye kifungo.

"Hapa," nikamwambia Chebet.

Akaleta maiki mpaka kwenye kidole changu, akakaza skrubu. Kisha tukafanya kazi kama siku zote. Tulipunguza besi, ule mvumo mzito, kwa sababu sauti ya mzee ikitiwa besi inazama. Spika za mbali tukazishusha ili zisimrudie. Jenereta ikahamia nyuma ya ghala. Nikaenda kwa choo, Chebet akataja jina langu, nikageuka.

Watu walikuja wengi. Sisi wafiwa tuliketi tenti ya huku, wakwe tenti ya kule, sanduku katikati, kama inavyotakiwa. Waliongea watoto wetu, kanisa, na wanawake wa soko la Kwanza alikouza mboga. Saa sita ikakaribia. Emsii akasema, "Sasa tumsikie mama mzazi, kwa ufupi." Mulamwa akamleta mama mpaka kwa kiti. Akaketi. Mdomo wake ukaja mbele ya maiki, haukupungua wala kuzidi hata upana wa kidole.

"Mimi ndiye nilimzaa," akasema, na nikaona watu wa mwisho kabisa, waliokuwa wamesimama kando ya ua, wakiinua vichwa. Sauti ilikuwa ileile nyembamba. Ilifika yote.

Alikuwa anasimulia jinsi Nanjala alivyokataa kunyonya siku tatu alipozaliwa, ndipo msafara ukaingia. Magari manne, moja lina spika juu ya paa, linapiga muziki. Emsii akaruka. Akamwangalia Chebet na kumwonyesha kwa kidole: shusha.

Chebet hakushusha. Aligeuka akanitazama mimi.

Ndugu zangu, niliwahi kuonyeshwa kidole hicho. Nilitikisa kichwa kukataa. Emsii akaja mpaka kwangu, ameinama, anatabasamu kwa sababu ya kamera.

"Mzee, mheshimiwa amefika bana. Ana mazishi mengine mawili."

"Mwambie karibu. Kuna viti."

"Lakini mama ameongea vya kutosha, si ndiyo?"

"Hajamaliza."

"Na ni nani anajua atamaliza saa ngapi?"

"Yeye."

Mama hakuwa amenyamaza. Aliendelea kuongea, na watu waligeuka kuelekea lile gari la muziki, si kwa furaha. Dereva akazima muziki mwenyewe. Mheshimiwa akasimama kando ya lango, mikono mbele, na wapambe wake wakasimama nyuma yake bila kujua waangalie wapi.

Hapo ndipo mama akafanya jambo ambalo halikuwa kwa ratiba ya mtu yeyote. Akatazama ng'ambo ya sanduku, moja kwa moja kwenye tenti yetu.

"Nataka kuongea na mkwe wangu," akasema.

Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa ukoo wake akainuka nusu. "Mama, desturi..."

"Desturi inasema nisimkaribie," mama akasema. "Nimemkaribia? Yeye yuko kule, mimi niko huku."

Watu wakacheka, wanawake wa soko kwanza. Yule mzee akaketi. Chebet alikuwa amekwisha kuninyooshea maiki isiyo na waya, na sikuiona ikija. Niliikuta mkononi.

"Mkwe wangu, unanisikia?"

Nikasimama. Miaka thelathini na sita ya maiki, na sasa niliishika kwa mikono miwili, kama mtoto wa shule.

"Nakusikia, mama."

"Alikuwa na maumivu?"

Ningeweza kusema hapana. Watu wengi husema hapana mahali kama hapo.

"Ndiyo, mama. Siku mbili. Siku ya tatu yaliisha."

"Alikula?"

"Uji wa wimbi. Nusu kikombe. Aliniambia sukari imezidi."

"Huyo ni yeye," mama akasema, na watu wakacheka tena, na wengine wakajifuta macho. "Ulikuwa wapi alipoenda?"

"Kitandani kwake, upande wa miguu. Miguu ilikuwa baridi. Nilikuwa nimeifunga na sweta yangu."

Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu. Emsii mwenyewe alikuwa amevua kofia.

"Salamu zako za kila Jumapili," mama akasema. "Zilinifikia. Zote."

"Na zako, mama."

"Basi," akasema. "Sasa nimesikia. Tumzike mtoto wetu."

Vigelegele vilitoka tenti ya wakwe, vikaitikiwa tenti yetu, na sanduku lilikuwa katikati. Nimewahi kuwapa sauti maaskofu na watu waliokuja kwa helikopta. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na sikugusa kitufe hata kimoja.

Mheshimiwa alipoitwa, alikuja mpaka mbele, akaishika maiki, akaitazama. Akasema poleni sana, yeye leo amekuja kusikiliza, akairudisha, akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya wanawake wa soko. Nusu dakika! Wazee wa Kwanza bado wanaizungumzia. Tulimzika Nanjala saa saba na nusu, watu wakiwa bado na nguvu ya kuimba, na waliimba.

Mama mkwe hajavunja desturi mpaka leo, na mimi pia. Lakini mwezi uliofuata aliomba anunuliwe simu, ile ndogo yenye vitufe vikubwa. Kila Jumapili baada ya kanisa inalia, nami natoka nje niketi juu ya ngazi. Anauliza nimekula nini, kama bado ninakohoa, watoto wako wapi. Anaongea kwa nguvu, kwa sababu anaona Kwanza ni mbali, mpaka majirani zangu wote wanajua kama kumenyesha Kibabii. Simwambii apunguze.